Mama Mkwe Alimjua Teddy Radi

Peris alikuwa fundi wa nguo mjini Voi, mwenye kibanda nyuma ya soko, na majirani zake walikuwa wamezoea kumwona akikanyaga cherehani kwa mdundo ambao wao hawakuusikia. Spika ndogo zilikuwa masikioni mwake kutwa. Wengine walidhani anasikiliza mahubiri, na yeye hakuwakosoa.

Alichokuwa anasikiliza ni Teddy Radi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Thadeus Mwakesi, Mtaita aliyepiga rokenroli zamani zile wakati vijana wa Kenya walikuwa ndio kwanza wanajifunza twisti. Santuri alizotoa zilikuwa chache mno, kisha akapotea. Peris alizaliwa Njukini, kule karibu na mpaka, na baba yake ndiye aliyekuwa na gramafoni pekee kijijini. Mzee alipofariki, ndugu zake walitaka shamba na ng'ombe. Yeye aliomba sanduku la santuri, wakamcheka, wakampa. Binamu yake mmoja aliyekuwa Nairobi akampelekea nyimbo zile kwa mtu wa kuzihamishia kwenye simu, na tangu siku hiyo Peris hakupona.

Alizijua nyimbo hizo kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Katika "Shati Jekundu" alijua mahali ambapo gita linapanda juu kidogo kuliko inavyotakiwa na mwimbaji analifuata huko huko juu badala ya kulisubiri lishuke. Katika "Ngoja Kwanza" alijua ile pumzi anayovuta Teddy kabla ya ubeti wa mwisho, kisha ile sauti inayopanda, inapanda, mpaka unajiuliza ni kifua cha namna gani kilichobeba kitu kama hicho. Lakini wimbo uliomtoa jasho ulikuwa "Gari la Taveta." Ngoma zilikwenda mbio kama magurudumu ya treni, Teddy akiomba:

*Gari la Taveta, punguza mwendo,*
*mpenzi wangu yu dirishani.*

Halafu, katikati ya mbio zote hizo, bendi ilinyamaza. Kimya kabisa. Kisha ngoma zikarudi kwa kishindo na wimbo ukaendelea. Peris aliamini kwamba hakuna mwanamuziki mwingine duniani aliyewahi kuthubutu kuweka kimya cha namna ile ndani ya wimbo wa kuchezwa, na kila mara kilipofika, mguu wake ulisimama wenyewe juu ya kikanyagio cha cherehani.

Hayo yote aliyaficha nyumbani kwa sababu ya mama mkwe.

Mama Wakio, mamake mumewe Lewis, alikuwa ameshuka kutoka Bura kuja kufanyiwa upasuaji wa jicho. Jicho likapona, lakini Lewis akamsihi asirudi mlimani mapema, naye akakaa. Alikuwa mjane mwenye umri wa kuheshimiwa, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, mwalimu wa katekisimu aliyewafundisha watu ambao sasa walikuwa na wajukuu. Hakuwa mkali wa mdomo. Alikuwa na kitu kibaya zaidi, namna ya kukutazama na kusema "sawa" ambayo ilimfanya Peris arudie kupiga deki sakafu iliyokwisha kung'aa. Tangu aolewe, Peris hakuwahi kubishana naye hata kuhusu chumvi ya mboga.

Basi jioni moja mama mkwe alikuwa ameenda kwenye sala za jumuiya, Lewis alikuwa zamu kazini kwake, stesheni ya treni, na binti yao Abby alikuwa shule ya bweni. Spika za masikioni zilikuwa zimeharibika. Peris akafanya ujanja ambao kila mtu anaujua, akaitumbukiza simu ndani ya sufuria tupu ili sauti iwe kubwa, akafungulia "Gari la Taveta," na akaanza kukatakata sukumawiki kwa mdundo wa ngoma.

Hakusikia mlango. Alipogeuka, Mama Wakio alikuwa amesimama pale jikoni na mkoba wake wa kanisani mkononi.

Peris aliunyoosha mkono kuzima.

"Wacha," mama mkwe alisema.

Peris akaurudisha mkono. Wimbo ukaendelea mbio, ubeti wa kwanza, wa pili, ukafika pale pake, bendi ikanyamaza. Na ndani ya kile kimya, bila kupaza sauti, kama mtu anayemkumbusha mtoto jibu la katekisimu, Mama Wakio akasema:

"Simama."

Akakanyaga sakafu mara mbili kwa kiatu chake cheusi cha kanisani. Pap, pap. Ngoma zikarudi papo hapo, kana kwamba yeye ndiye aliyeziruhusu.

Wimbo ulipokwisha, Peris alikuwa bado ameshika kisu.

"Mama, unaujua huu wimbo?"

"Wameupunguza," Mama Wakio alisema. Aliweka mkoba juu ya meza na kuvuta kiti. "Hapo katikati wameacha shimo. Hapo ni petu sisi. Anaiomba treni isimame, tunaiambia simama, ukumbi mzima, na miguu. Huko studio hakukuwa na watu, wakaacha tupu. Ni kama kuhudhuria misa ya padri peke yake."

Peris alikaa chini. Kwa muda alihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango aliokuwa akiusifia ni ukuta uliobomoka. Kile kimya alichokipenda kuliko kitu chochote hakikuwa kimya. Halafu maana yake ikamwingia taratibu. "Ulimwona," alisema. "Mama, ulimwona Teddy Radi kwa macho."

"Nilimwona mara nyingi kuliko marehemu baba yangu alivyojua."

Sukumawiki ililala pale pale. Mama Wakio alisimulia jinsi wasichana wa Bura walivyokuwa wakishuka Voi kwa kisingizio cha kuuza mboga, kisha wanakimbilia ukumbi wa reli kabla jua halijazama. Alisema Teddy hakuwa mrefu, wala hakuwa mzuri sana wa sura, "lakini ukimtazama humalizi." Hakuanzia jukwaani. Bendi ilikuwa inapiga, jukwaa halina mwimbaji, watu wananyoosha shingo kumtafuta, na mara sauti yake inasikika kutoka nje ya ukumbi, sauti tupu bila maiki, huko kwenye giza la miti. Kisha mlango wa nyuma unafunguliwa na anapita katikati yao akiimba, shati limelowa tayari kabla hajapanda jukwaa. Alipiga gita amepiga magoti. Alipiga gita amelala chali. Siku moja alipanda juu ya sanduku la ngoma, sanduku likapasuka, mguu ukazama ndani, na akaumaliza wimbo akiwa hivyo hivyo, mguu mmoja ndani ya sanduku.

"Hizo santuri zako ni nzuri," mama mkwe alimalizia. "Lakini wewe umekula mchuzi. Sisi tulikula nyama."

Kuanzia siku hiyo nyumba ilibadilika. Kila alasiri Peris alifunga kibanda mapema kidogo, akarudi na kumkuta Mama Wakio amekwisha kuitoa sufuria kabatini. Peris alimwonyesha yale aliyoyasikia kwa miaka, lile gita linalopanda, ile pumzi, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kuzisikiliza nyimbo hizo akiwa ametulia kitini, aliinamisha kichwa na kusema, "Kumbe alikuwa anafanya hivyo. Sisi tulikuwa tunapiga kelele, hatukusikia." Naye kwa upande wake alimwonyesha Peris wapi Teddy alikuwa akitupa bega, wapi aligeuka. Lewis alirudi kutoka kazini siku moja akawakuta mkewe na mamake wamesimama katikati ya sebule wameinua mkono mmoja mmoja. Aliweka funguo zake mezani na kwenda kuoga bila kuuliza kitu.

Hakuna kati yao aliyejua kama mtu mwenyewe bado yu hai. Mama Wakio alikuwa amesikia kwamba alienda kufanya kazi kwenye shamba la mkonge, akaoa, akaacha muziki. Baadaye hata habari hiyo ilikatika.

Habari zake zilirudi kwa redio. Peris alikuwa akishona sare za shule, redio ya jirani muuza viatu ikiwa wazi, na mtangazaji akasema kwamba Jumamosi alasiri, bendi ya vijana ya Dinah Mkamburi itapiga hapa Voi, na mgeni wao atakuwa mzee Thadeus Mwakesi, "ambaye wazee wetu walimjua kama Teddy Radi." Peris alipotazama chini, alikuta ameshona mfuko wa shati ukaziba mdomo wote. Hakuufumua. Alifunga kibanda na kwenda nyumbani karibu akikimbia.

Lakini alipofika mlangoni mwendo ulimpungua, kwa sababu hofu ilikuwa imemkuta njiani.

"Mama, yuko hai," alisema. "Ataimba Jumamosi. Lakini mimi sijui kama nataka kwenda."

Mama Wakio alikuwa amesimama tayari. "Kwa nini?"

"Amezeeka. Akienda pale na sauti ikakataa? Mimi nina yule wa kwenye santuri. Nikimwona akishindwa, nitakuwa nasikia huko kushindwa kila nikifungulia simu."

Mama mkwe alimtazama. Peris alingoja lile neno "sawa," lakini halikuja.

"Mama Abby, wewe umeipenda sauti. Mimi nilimpenda mtu anayeitoa. Mtu akizeeka hajaharibika. Mimi je, nimeharibika?"

"Hapana, Mama."

"Basi nishonee sketi. Pana. Isinibane magotini."

Peris aliishona kwa kitambaa cha buluu iliyoiva, akaimwagia upana ambao hata bibi harusi hangeuomba.

Jumamosi Lewis aliwapeleka kwa gari na kuwaacha mlangoni, akasema atarudi kuwachukua. Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko walivyotarajia. Vijana wa mji walikuwa mbele na simu zao juu. Nyuma walikuwa wazee waliotoka milimani na wengine kutoka Miasenyi, wakisalimiana kwa sauti za watu ambao hawakuonana tangu ujana. Mama Wakio aliwaona wanawake wawili wa parokia yake wakikaa pembeni. Walipoonana naye, wote watatu walitazama kwingine kwa muda, kisha wakaanza kucheka.

Dinah alikuwa msichana mrefu mwenye gita jekundu na maneno machache. Bendi yake ilipiga nyimbo mbili zake mwenyewe, nzito na zenye kelele, kisha akaenda pembeni ya jukwaa na kurudi ameshika mkono wa mzee mdogo aliyevaa koti la kijivu na tai.

Alikuwa mzee tu, kama wazee wanaongoja zamu benki. Alikalishwa kwenye kiti. Alishukuru kwa sauti ambayo maiki iliitafuta isiipate. Wakaanza "Shati Jekundu," polepole sana, kwa adabu, kama watu wanaombeba mgonjwa, na sauti yake ilitoka imekwaruza na kuchelewa. Watu walipiga makofi ya huruma. Peris alitazama viatu vyake.

Mzee aliinua mkono. Bendi ikakatika vipande vipande, besi mwisho. Akageuka kwenye kiti na kumtazama mpiga ngoma, kijana mnene aliyeitwa Muinde.

"Kijana, usinihurumie," alisema, na safari hii maiki ilimpata. "Nimetoka nyumbani mwenyewe. Ongeza mwendo."

Muinde alimtazama Dinah. Dinah alitikisa kichwa kukubali. Vijiti vikagongana, na ngoma zikatoka kwa kasi ile ile ya santuri, hapana, kwa kasi kubwa zaidi. Mzee alisimama. Alivua koti akalitupa juu ya kiti, na ile sauti iliyokwaruza ikapanda juu ya gita ikakaa huko, na Peris akagundua kwamba ule mkwaruzo haukuwa ugonjwa. Ilikuwa kama mtu ameichukua sauti aliyoijua akaitia mchanga, ikawa inashika. Lile gita likapanda juu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa sababu Dinah naye alikuwa amezisikiliza nyimbo hizo, na mzee akalifuata huko huko juu. Peris alijikuta amesimama bila kujua amesimama lini.

Kisha "Gari la Taveta." Ukumbi mzima ulitikisa vichwa. Ubeti wa kwanza, wa pili. Bendi ikanyamaza, na vijana wakangoja kwa heshima, simu juu.

"Simama!"

Ilikuwa sauti moja tu, na kufuatia hiyo, pap, pap. Vichwa viligeuka. Mzee alikuwa ameinua mkono kuizuia bendi isirudi, macho yakitafuta kati ya watu.

"Nani amesema hivyo?"

Mama Wakio alisimama, sketi yake ya buluu ikafunguka.

"Ni mimi."

"Wa wapi?"

"Wa Bura. Enzi zile nilikaa mbele. Leo vijana wametuwahi."

Mzee alicheka mpaka akajishika kiuno. "Nimeimba wimbo huu peke yangu miaka yote hiyo, shambani, nikifika hapo nakaa kimya, nasema basi, wamekwisha wote. Mama, tafadhali, wafundishe hawa."

Na Mama Wakio, aliyefundisha sala nusu ya watu wa kwao, aligeukia ukumbi na kuufundisha. Hakuona haya hata kidogo. Aliwaambia neno ni moja na miguu ni mara mbili, akawajaribisha, akasema wale wa kushoto wamechelewa, akawarudisha. Hata wale wanawake wa parokia walikanyaga. Mzee akaanza wimbo upya, na ubeti wa pili ulipokwisha na bendi ikakatika, ukumbi ulijibu kwa neno moja na kishindo kilichopanda kutoka sakafuni mpaka kwenye meno. Peris alipiga kelele hiyo kwa nguvu zake zote. Miaka yote alikuwa amesimama nje ya wimbo huu akiusifia. Sasa alikuwa ndani yake, na ulikuwa na nafasi.

Walirudia sehemu hiyo mara kadhaa kwa sababu watu walikataa wimbo uishe.

Halafu jasho likamtiririka mzee, akakaa, akaomba maji, na kusema wa mwisho ni "Ngoja Kwanza." Peris alishika mkono wa mama mkwe. Huu ndio ulikuwa wimbo wa ile sauti inayopanda, na hakuna mtu wa umri ule ambaye angeweza kuifikisha. Mzee aliimba ubeti wa kwanza kwa utulivu. Akafika wa mwisho. Akavuta ile pumzi, Peris akaisikia waziwazi ndani ya maiki, na akafumba macho.

Sauti haikupanda, ilishuka. Alisema "ngoja" kwa chini, kisha "ngoja" kwa chini zaidi, na bendi ikawa inamfuata ikishuka naye ngazi kwa ngazi, Muinde akigusa ngoma kwa vidole tu, mpaka neno likawa halina sauti tena, lina midomo tu. Watu wote wale waliacha hata kukohoa. Kwenye santuri, wimbo ule ulikuwa kijana anayemwita mpenzi aliyeko mbali. Hapa alikuwa mtu ambaye mpenzi wake yuko kitandani, chumba hicho hicho, na hataki kumwamsha wala kumwacha aende. Peris alipofumbua macho, Dinah alikuwa analia huku akipiga gita.

Baadaye walipanga foleni kumsalimia. Mama Wakio alimpa mkono, wakaulizana habari za watu waliokufa na waliobaki. Peris alipofikiwa, alisema tu kwamba ana santuri, zilikuwa za baba yake, wa Njukini.

"Zile?" mzee alisema, akijipangusa shingo kwa taulo. "Tulirekodi tukiwa na njaa, chini ya paa la bati, na mvua inakuja. Mwenye studio anatuambia fanyeni haraka. Tulipofika 'Ngoja Kwanza' ikatukuta. Mwishoni mwa ule wimbo, si kuna kitu kama mchanga?"

"Kuna kelele kidogo. Nilidhani santuri imechakaa."

"Ni mvua," alisema Teddy Radi.

Peris alirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyebeba yai. Lewis aliwapikia chai, akawauliza ilikuwaje, na hakupata nafasi ya kuuliza swali la pili.

"Gari la Taveta," Mama Wakio alikuwa anasema, viatu amevua, miguu juu ya stuli. "Huo ndio ulikuwa wimbo wa leo. Hakuna mwingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kuzidi."

"Hapana," Peris alisema.

Lewis aliacha kumimina.

"Hapana, Mama, hapo umekosea. Gari la Taveta ulikuwa mzuri, lakini huo ulikuwa wetu sisi watu. Ngoja Kwanza ndio ulikuwa wake. Hiyo ya kushuka, hata enzi zenu hakuwahi kuifanya. Asingeweza. Ilibidi azeeke kwanza."

Mama mkwe alimtazama kwa yale macho yake, jicho lililotibiwa na lile jingine. Kisha akashusha miguu kutoka kwenye stuli, akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana, na kuegemeza viwiko mezani.

"Wewe hujui kitu," alisema kwa furaha. "Haya, nieleze vizuri. Lewis, ongeza sukari, hapa hatulali mapema."